Deni la Miaka Mingi: Rehani, Ahadi na Utu katika Historia Yetu

Lugha yetu inatenganisha kwa uangalifu mambo ambayo mtu mwenye haraka angeyaona kuwa ni mamoja. Mtu huazima jembe, chungu au mtumbwi, akarudisha kitu kile kile alichokichukua. Lakini hukopa fedha, mchele au nguo, na anachokirudisha ni thamani ya alichopewa, kwani chenyewe kimekwisha kutumika. Anayedai huitwa mdai, na katika Kiswahili cha zamani mwia. Anayedaiwa ni mdeni, naye husemwa kuwa anawiwa. Kitu kinachowekwa mikononi mwa mdai mpaka deni lilipwe huitwa rehani. Maneno haya hayakubaki madukani. Tunasema ahadi ni deni, tunasema dawa ya deni ni kulipa, na kwa kejeli ya watu waliokwisha kuonja twasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Methali hiyo ya mwisho yafaa itazamwe vizuri. Aliyeitunga alijua kwamba siku ya kukopa na siku ya kulipa haziko karibu, na kwamba mtu wa siku ya kwanza si yule yule wa siku ya pili. Kati ya siku hizo mbili kuna muda, na muda ndio unaolifanya deni la miaka mingi kuwa jambo la aina yake. Anayekopa pishi ya mchele leo ili alipe mwisho wa mwezi anajua takriban hali atakayokuwa nayo. Anayejifunga kwa miaka kumi au thelathini anaahidi kwa niaba ya mvua ambayo haijanyesha, bei ambayo haijatangazwa, na watoto ambao huenda hawajazaliwa.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maana ya ahadi kama hiyo katika historia ya nchi yetu. Tutapita katika misafara ya karne ya 19, katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, katika sheria za ukoloni huku bara, na katika reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mahali pote hapo tutauliza maswali matatu: Ni kitu gani kilichowekwa rehani? Nani alibeba mzigo wa mwaka mbaya? Na nani alilipa bila ya jina lake kuandikwa katika daftari?

Kwanza lazima tuondoe dhana moja potofu, ile inayodai kwamba ahadi ya mali ya muda mrefu ililetwa kwetu na benki. Jamii zetu nyingi ziliijua kabla ya noti na hundi. Mahari, mathalan, katika sehemu nyingi haikutolewa yote kwa siku moja. Ilitolewa kidogo kidogo kwa miaka, na pengine mtoto ndiye aliyekuja kumalizia yale yaliyoachwa na baba. Miongoni mwa Wachagga na jamii nyingine za wafugaji na wakulima, mtu aliweza kumkabidhi jirani ng'ombe wake amtunze. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na mwenye ng'ombe akabaki na haki juu ya mnyama na uzao wake. Mapatano ya namna hiyo yaliweza kuendelea mpaka wenyewe wakafa na watoto wao wakayarithi. Hayakuwa na hati. Ushahidi wake ulikuwa majirani, na dhamana yake ilikuwa heshima ya ukoo.

Hata hivyo, tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Katika miaka ya njaa, watu wa pwani na wa nyuma ya pwani walifikia kumweka rehani mtu: mtoto au ndugu alipelekwa kwa mwenye chakula, akakaa na kufanya kazi huko mpaka jamaa zake wapate cha kumkomboa. Ikiwa ukoo ulishindwa kumkomboa, aliyekuwa rehani aliweza kugeuka mtumwa. Hapa tunaona ukali wa swali letu la kwanza. Deni ni jambo la kawaida katika maisha ya watu. Jambo zito ni kile kinachotolewa kuwa dhamana yake, maana kipo kitu ambacho kikiwekwa rehani, utu wenyewe unakuwa umewekwa.

Karne ya 19 iliupa mkopo wa muda mrefu sura mpya katika nchi yetu. Biashara ya pembe za ndovu ilihitaji mali nyingi kabla ya kuleta faida yoyote. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ulibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na masango ya shaba, na wapagazi walipaswa kulipwa na kulishwa. Wengi wa viongozi wa misafara, Waarabu na Waswahili, hawakuwa na mtaji wa kutosha. Mtaji ulikuwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, nao walitoa bidhaa kwa mkopo ili walipwe kwa pembe msafara utakaporejea. Bei ya bidhaa za mkopo ilikuwa kubwa kuliko bei ya fedha taslimu. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa malipo ya kungoja, hata pale neno riba lilipoepukwa kwa sababu za dini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, na tajiri wake Taria Topan. Safari yake kubwa ya tatu ilianza mnamo mwaka 1870, naye akarudi Unguja mwaka 1882. Miaka 12 ni muda mrefu kwa mdai kukaa akingoja. Aliyekopesha msafara hakuweza kumfuata mdeni wake Kasongo, wala hakuwa na mahakama wala askari huko Manyema. Alichokuwa nacho ni jina la mtu, habari zilizoletwa na misafara mingine, na hesabu rahisi: mdeni atakayevunja ahadi mara moja hatapata tena mtu wa kumkopesha pwani nzima. Kwa maana hiyo uaminifu ulikuwa mali iliyoweza kupimwa kwa frasila.

Lakini daftari la Unguja halikuandika yote. Mpagazi aliyekufa njiani kwa ndui hakuandikwa kuwa hasara ya mkopo. Watu wa vijiji vilivyochomwa ili pembe zipatikane, na waliofungwa minyororo na kuteremshwa pwani, hawakuwa wadai wala wadeni katika mapatano yale, lakini wao ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama. Tukisifu uaminifu wa wakubwa wa biashara hiyo bila ya kuwataja hawa, tutakuwa tumesoma ukurasa mmoja tu wa hesabu.

Wakati misafara ikienda bara, visiwani kulikuwa na deni la aina nyingine lililokuwa likiota mizizi pamoja na mikarafuu. Mti wa mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Sayyid Said kilimo chake kikaenea upesi. Mkarafuu haumpi mkulima kitu mara moja. Huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Ukisha kukua huishi miaka mingi sana, lakini hauzai sawasawa kila mwaka. Vuno kubwa la mwaka mmoja mara nyingi hufuatwa na vuno dogo, na pengine miaka miwili ya kukaa na kungoja. Kwa hiyo mwenye shamba la mikarafuu alikuwa mtu wa kungoja kwa asili ya kazi yake, na mtu wa kungoja huhitaji mkopo.

Mambo matatu yalizidisha haja hiyo. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Waliotaka kupanda upya walijikuta wakilisha mashamba yasiyozaa kwa miaka. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa kisheria katika Unguja na Pemba. Wenye mashamba waliokuwa wamezoea kazi ya watumwa sasa walihitaji fedha taslimu za kuwalipa wachumaji. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, shada kwa shada, na mchumaji hupanda mtini, kisha karafuu huchambuliwa makonyo na kuanikwa juani. Kazi hiyo haingoji. Msimu ukifika, fedha lazima ziwepo, na aliyekuwa nazo ni mwenye duka.

Sheria ya Kiislamu hairuhusu riba. Ndipo ikatumika njia iliyoitwa bei ya khiyari. Kwa maandishi, mwenye shamba alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei waliyopatana, na akabaki na haki ya kulinunua tena kwa bei ile ile katika muda uliowekwa. Wakati huo akaendelea kukaa shambani, na akamlipa mnunuzi kodi. Bei ya mauzo ilikuwa ndiyo mkopo, kodi ilikuwa ndiyo malipo ya muda, na shamba lenyewe lilikuwa rehani. Umbo la hati lilikuwa la mauzo, lakini matokeo yake yalikuwa ya deni. Muda ukipita bila ya malipo, mwenye shamba aliamka akiwa si mwenye shamba.

Hatusemi kwamba kila mkopeshaji alikuwa mnyang'anyi. Mwenye duka wa shamba naye mara nyingi alikuwa na deni kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini, na huyo wa mjini kwa kampuni ya Bombay. Mlolongo wa ahadi ulitoka mtini ukavuka bahari, na kila mtu ndani yake alikuwa mdai wa mmoja na mdeni wa mwingine. Aidha, wakopeshaji wengi hawakuyataka mashamba yenyewe; walichotaka ni karafuu na malipo. Ubaya ulikuwa katika mpango wa mambo. Deni lilihesabiwa kwa kiwango kisichobadilika, na mti uliokuwa ulipe deni hilo ulizaa kwa kubahatisha. Mwaka wa vuno baya, kodi ilibaki ile ile. Mwaka wa vuno jema, bei ilishuka kwa kuwa karafuu zilijaa sokoni. Hapa jibu la swali letu la pili ni wazi kabisa: mwaka mbaya ulibebwa wote na aliyekopa.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ndio uliolidhihirisha hilo. Bei ya karafuu ilianguka, na madeni yaliyofungwa wakati wa bei nzuri yakawa hayalipiki. Serikali ya kikoloni ilituma wachunguzi, na mwaka 1934 ikatoa amri kadhaa. Madai ya madeni juu ya mashamba yalisimamishwa kwa muda, ardhi ya Mwarabu au Mwafrika ikakatazwa kuhamia mikononi mwa mtu wa jamii nyingine pasipo kibali cha serikali, na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1927, ikaongezewa madaraka juu ya biashara ya zao hilo. Mwaka 1937 jumuiya hiyo ilipewa haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga, na huko India, iliyokuwa mnunuzi mmojawapo mkubwa, Chama cha Congress kiliunga mkono mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. Mgomo huo ulimalizika kwa mapatano mwaka 1938.

Amri za 1934 ziliyaokoa mashamba mengi yasiuzwe kwa mnada; haki hiyo lazima tuitoe. Lakini tazama jinsi zilivyolisoma tatizo. Deni lilikuwa ni la mpango wa uchumi, nazo zililigeuza kuwa jambo la asili za watu: huyu ni wa jamii inayolindwa, huyu ni wa jamii inayozuiwa. Zaidi ya hayo, wachumaji waliolipwa kwa pishi, na wale waliokaa katika mashamba ya watu, wakalima muhogo na ndizi chini ya mikarafuu isiyo yao na kupalilia, hawakuwa na shamba la kuokolewa. Mwenye shamba alipobanwa na mdai wake, alimbana mchumaji. Kwa hiyo hata mwenye shamba aliyeonewa na hati ya khiyari alikuwa na mtu chini yake ambaye hati haikumtaja. Historia ya Zanzibar baada ya hapo haiwezi kueleweka vizuri bila ya kuukumbuka mrundikano huo wa uchungu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na kuanzia mwaka 1965 wananchi wakagawiwa eka tatu tatu wazitumie. Shamba lililokuwa rehani ya madeni ya vizazi vilivyopita likawekwa nje ya daftari la mkopeshaji.

Huku bara hali ilikuwa kinyume, lakini kinyume hicho nacho kilikuwa na dharau yake. Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia Waafrika wasikopeshwe. Chini ya sheria hiyo, deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mkopo wenyewe uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali kwa maandishi. Sababu iliyotolewa ni kumlinda mkulima asinaswe na madeni. Hatuwezi kukana kwamba hatari hiyo ilikuwapo. Tumekwisha kuiona visiwani. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mzima, mwenye familia na kahawa yake shambani, alihesabiwa kuwa kama mtoto asiyeweza kufunga ahadi. Ardhi aliyoikalia kwa mila haikuwa na hati, basi benki haikuiona. Aliyetaka kununua lori au mashine ya kusaga alikuta mlango umefungwa, na aliyeufunga alimwambia kuwa ni kwa faida yake.

Ni kweli kwamba mtu anaweza kuonewa kwa kukopeshwa. Historia hii inatufundisha kwamba anaweza kuonewa vile vile kwa kunyimwa haki ya kukopa, maana kuaminiwa katika ahadi ya miaka mingi ni sehemu ya kuhesabiwa kuwa mtu kamili. Wakulima wetu hawakungoja kufundishwa hilo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932 wakajenga chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933. Ushirika uliwapa kitu ambacho mmoja mmoja hakuwa nacho: dhamana isiyokuwa ardhi ya mtu. Zao la wengi likikusanywa mahali pamoja linaweza kudhaminiwa, na mwaka mbaya wa mmoja hubebwa na wenzake. Vyama vya ushirika vilikuwa na makosa yao. Vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini wazo lililokuwa ndani yake, yaani kugawana hatari ya muda, ni jibu bora kwa swali letu la pili kuliko yote tuliyokwisha kuyaona mpaka hapa.

Sasa tufike kwenye deni ambalo mdeni wake si mtu wala chama, bali ni taifa. Mwaka 1967 ni mwaka wa ajabu katika jambo hili. Mwezi Februari Azimio la Arusha lilitangazwa, na sehemu yake kubwa ni onyo juu ya fedha. Lilieleza kwamba fedha si msingi wa maendeleo, kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kungehatarisha uhuru wetu, na kwamba anayekopa lazima afikirie uwezo wake wa kulipa. Mwezi Septemba mwaka huo huo, wajumbe wa Tanzania na Zambia walitia saini huko Beijing mapatano na China ya kujenga reli kwa mkopo.

Je, nchi yetu ilijipinga yenyewe? Jibu linataka tukumbuke hali ya wakati ule. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikajikuta shaba yake inapita katika reli zilizoshikwa na maadui wa ukombozi wa Afrika. Benki ya Dunia na serikali za Magharibi zilikataa kutoa fedha za reli ya kwenda Dar es Salaam kwa maelezo kwamba haitalipa. Kwa hesabu ya biashara pengine maelezo hayo yalikuwa na msingi. Lakini kilichokuwa kikitafutwa ni njia ya kutoka, na bei ya njia hiyo haikuweza kupatikana katika hesabu ya mizigo peke yake.

Masharti ya mkopo yaliyokamilishwa mwaka 1970 yalikuwa mepesi kuliko yaliyozoeleka: yuan milioni 988, bila ya riba, kulipwa kwa miaka 30 baada ya muda wa kungojea, nusu na Tanzania na nusu na Zambia. Gharama za ndani zililipwa kwa njia ambayo wengi waliiona madukani: bidhaa za Kichina ziliingizwa kwa mkopo na kuuzwa, na fedha zilizopatikana zikalipia mishahara na mahitaji ya kazi. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, njia ikafika Kapiri Mposhi mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ilikuwa na urefu wa kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300 na mahandaki 22. Sehemu ya kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, ilikuwa ngumu kuliko zote. Wafanyakazi wa Kitanzania, Kizambia na Kichina walipoteza maisha yao, na makaburi ya Wachina zaidi ya 60 yanatunzwa Gongo la Mboto. Swali letu la tatu, la wale waliolipa bila ya kuandikwa katika daftari, lina jibu lake hapo pia.

Baadaye muda ulifanya kazi yake. Mwaka 1978 Zambia iliifungua tena njia ya kusini. Mafuriko, upungufu wa vichwa vya treni na matatizo ya uendeshaji viliirudisha nyuma reli, nayo haijapata kuufikia uwezo wake uliokusudiwa wa tani milioni 2 kwa mwaka. Zimbabwe ikawa huru mwaka 1980, na ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini mwaka 1994. Sababu ya kwanza ya reli ikaondoka, na deni likabaki. Malipo yaliahirishwa mara kwa mara. Mwaka 2024, mwezi Septemba, hati nyingine ya makubaliano ilitiwa saini Beijing kwa ajili ya kuihuisha reli ile ile. Watakaoishi na mapatano hayo wengi hawakuwapo reli ilipozinduliwa.

Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo mkopo ule ulikuwa kosa. Sisi hatukubaliani nao, lakini tunakubali kwamba swali lao ni halali. Deni la miaka 30 lilinunua kitu kilichohitajika katika miaka 10, nacho ni uwezo wa jirani yetu kusimama bila ya kupiga magoti. Kitu hicho kilipatikana. Gharama yake ilikuwa kwamba watoto wa waliotia saini walirithi reli inayohitaji matengenezo, pamoja na ahadi ambayo hawakuulizwa. Rehani yake haikuwa ardhi wala bandari, bali jina la nchi mbili, kama jina la kiongozi wa msafara lilivyokuwa rehani kwa tajiri wake wa Unguja. Jina nalo huchakaa lisipotunzwa.

Leo mkopo wa muda mrefu umeingia nyumbani. Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008 zimempa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuweka nyumba au kiwanja dhamana ili apate fedha za kulipwa kwa miaka mingi. Katika Sheria ya Ardhi kuna kifungu tunachopenda kukitaja, kwa kuwa kimejifunza kitu kutokana na historia tuliyoieleza. Kinasema kwamba nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mume au mke wa mwenye nyumba. Kwa karne nyingi, anayelala ndani ya rehani hakuulizwa. Mtoto aliyepelekwa kwa mwenye chakula hakuulizwa. Aliyepalilia chini ya mikarafuu hakuulizwa. Kifungu hiki kinataka angalau mmoja wao aulizwe, na jina lake liandikwe.

Kutokana na hayo yote tunaweza kutaja mambo ambayo mwenye kujifunga kwa muda mrefu, awe ni mtu, chama au taifa, yampasa kuyapima. La kwanza ni rehani: asiweke kitu ambacho akikipoteza hatakuwa tena yeye. La pili ni mwaka mbaya: mapatano yanayomtupia mdeni peke yake ukame na kuanguka kwa bei hayakuwa ya haki kwa mikarafuu, wala hayatakuwa ya haki kwa zao lolote. La tatu ni wasiokuwapo: mke, mchumaji, mtoto na mjukuu watalipa sehemu yao, basi wana haki ya kujulishwa hesabu na kuonyeshwa kitu kilichonunuliwa.

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo halina ubishi. Lakini dawa hunywewa baada ya maradhi kuingia, na wazee wetu hawakukosea waliposema ahadi ni deni, kwa maana deni huanza siku neno linapotamkwa, kabla ya fedha kuhesabiwa. Basi siku ya kuwa na uangalifu ni siku hiyo ya neno, wakati kalamu ingali mkononi na watakaolipa wangali wanaweza kuitwa waje wasikilize.